Nafasi Kubwa Katika Chumba Kidogo

Keti vizuri. Kama jiko la makaa linawaka ndani ya nyumba, tafadhali litoe nje kwanza. Sababu nitakueleza baadaye.

Leo tutazungumza juu ya nafasi. Sisemi nafasi ya kazi wala nafasi ya mtoto shuleni. Nasema ule uwazi unaokuzunguka ulipo sasa, kati ya wewe na ukuta, kati ya ukuta na nyota.

Nianze na mama mmoja wa mtaa ninaohudumu hapa Nairobi. Kazi yake ni kufulia watu nguo. Anaishi na watoto wanne na mama mkwe katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za mabati. Jirani akikohoa, wao huamka. Alikuja kliniki ameshika kifua, akaniambia, "Sista, ile nyumba inanikaba. Usiku naona kama paa linashuka." Nilimpima presha nikapata 168 kwa 104. Nikamwacha akae kimya dakika tano, nikampima tena, haikushuka sana. Akarudi siku nyingine mbili tofauti, ikawa vile vile. Afisa wa kliniki akamwandikia dawa ya presha, tembe moja kila siku. Nami, kwa kuwa nilimwona hana raha, nikamfundisha mazoezi matatu ya masikio, pumzi na macho niliyojifunza katika darasa la yoga, Jumamosi jioni, kwenye ukumbi wa jamii.

Mama huyu nitamrudia, kwa sababu kuna neno moja sikumwambia siku ile, na nusura limtoe uhai.

Katika elimu ya kale ya Wahindi, mwili na ulimwengu husemwa kuwa vimeundwa kwa vitu vitano: ardhi, maji, moto, hewa na akasha. Akasha ni neno la Kisanskriti. Maana yake ni anga, uwazi, ile nafasi ambayo vile vinne vingine vinakaa ndani yake. Kila kimoja kina mlango wake katika mwili wa binadamu. Ardhi mlango wake ni pua, maji ni ulimi, moto ni macho, hewa ni ngozi. Na akasha mlango wake ni sikio, kwa maana sauti huwezi kuionja, kuinusa wala kuishika. Mwalimu wa fizikia ataniambia kwamba sauti husafirishwa na hewa, na kwamba mahali pasipo na hewa kabisa hapasikiki kitu. Ni kweli, wala sibishani naye. Wazee wale hawakuwa wakifundisha fizikia. Walikuwa wakionyesha kwamba mtu akitaka kuujua uwazi, aanze kwa kusikiliza.

Madaktari wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, huendelea kusema kwamba akasha imo katika kila mahali palipo na uwazi mwilini: mdomoni, puani, masikioni, kifuani, tumboni. Sisi chuoni tulifundishwa mwili kwa njia nyingine, na mtihani wangu wa diploma haukuuliza habari za akasha. Lakini tangu nianze kazi ya kutembelea watu majumbani nimeona jambo hili: mtu mwenye wasiwasi hujikunja. Mabega hupanda, taya hukaza, pumzi huishia hapa juu kifuani, na masikio hutegea kitu kimoja tu. Hutegea hatua za mwenye nyumba anayekuja kudai kodi, au mlango wa mume anayerudi amelewa. Chumba ni kile kile, lakini ndani ya mtu huyo nafasi imekwisha.

Najua swali linakuja, kwa sababu huulizwa kila ninapofundisha jambo hili: sista, si hiyo ni dini ya Wahindi? Nitakujibu bila kukuficha. Ndiyo, yoga imetoka India, na kwa Wahindu wengi ni sehemu ya dini yao. Ndugu zetu wa asili ya India wako nasi tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka huko. Wengi wao walirudi kwao, wengine wakabaki, na mwaka 2017 Serikali ikawatambua Wahindi wa Kenya kuwa kabila la 44. Katika mitaa yetu ya kawaida, yoga ilijulikana zaidi baada ya mwaka 2007, shirika la Africa Yoga Project lilipoanza kuwafunza vijana hapa Nairobi wawe walimu. Na tarehe 21 Juni kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014.

Lakini kukaa kimya ukasikiliza, kupumua polepole na kutazama mbinguni hakumdai mtu abadili imani. Shemasi mmoja wa kanisa mtaani kwetu huvuma wimbo wake wa kanisani anapofanya zoezi la pili. Mama mmoja Mwislamu hufanya baada ya sala ya alfajiri, akiwa bado juu ya mswala. Kama roho yako inakataa, acha, wala hakuna atakayekulaumu.

Sasa tuingie katika mazoezi yenyewe.

La kwanza ni kusikiliza kutoka mbali kuja karibu. Chagua saa ambayo watoto wamelala, au saa kumi na moja alfajiri kabla hawajaamka. Kaa kwenye stuli au ukingo wa kitanda, miguu yote miwili sakafuni, mikono juu ya magoti. Macho yafumbe au yainamishe. Kisha tafuta sauti iliyo mbali kuliko zote unazoweza kusikia. Labda ni lori barabara kuu, labda mbwa wa mtaa wa pili, labda adhana. Usijiulize ni nini au ni ya nani. Isikie tu inavyokuja na kuondoka. Baada ya dakika moja hivi, leta masikio karibu: ploti yenu, bomba linalodondoka, redio ya jirani. Kisha ndani ya chumba: pumzi ya mtoto aliyelala. Mwisho, pumzi yako mwenyewe ikiingia na kutoka puani.

Ukishafika hapo, rudi nje tena, na safari hii sikiliza kimya kilicho kati ya sauti moja na nyingine. Kipo, hata Eastleigh kipo. Mara ya kwanza utakikosa, na akili itakimbilia deni la duka. Hilo si kosa. Irudishe kwenye sauti ya mbali, uanze upya. Hapa ndipo yule mama alipopata nafuu yake ya kwanza. Aliniambia, "Nimegundua nyumba yangu inaishia kule lori linakopita."

Zoezi la pili ndilo ninalolipenda, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Jina lake ni bhramari, kutokana na jina la Kisanskriti la nyuki mweusi mkubwa. Unamjua, anafanana na yule anayetoboa boriti za paa, akivuma. Zoezi hili limeandikwa katika kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15.

Kaa kama tulivyokaa. Pale mbele ya tundu la sikio kuna kinyama kidogo kilichochomoza. Kibonyeze kwa kidole, taratibu, mpaka kifunike tundu. Fanya hivyo masikio yote mawili. Nasema ukibonyeze kwa nje. Usiingize kidole ndani. Funga midomo, lakini meno ya juu yasiguse ya chini. Vuta pumzi kwa pua. Kisha itoe polepole kwa pua huku ukivuma: mmmmmm. Sauti iwe ya chini, isiyo ya nguvu. Utasikia kichwa chote kimejaa mvumo, kama uko ndani ya mzinga. Pumzi ikiisha, usijikaze, vuta nyingine. Fanya mara tano tu siku za mwanzo. Baadaye unaweza kufika mara kumi. Ukimaliza, shusha mikono, ubaki kimya kwa muda huo huo. Kimya hicho ndicho kiini cha zoezi. Masikio yaliyokuwa yamejaa yamefunguliwa, na uwazi unaonekana mkubwa kuliko awali.

Je, kuna lolote linalotokea mwilini? Lipo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukivuma, pumzi ya kutoka hurefuka na hesabu hushuka, hata kufika mara sita. Pumzi ndefu ya kutoka huigusa kazi ya neva iitwayo vegasi, itokayo kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni, na mapigo ya moyo hupungua kasi. Tena, mwaka 2002 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba mtu akivuma, gesi ya naitriki oksaidi inayotoka puani huongezeka takriban mara 15 kuliko anapopumua kimya, kwa sababu mvumo huisukuma hewa ya ile mifuko iliyo katika mifupa ya uso. Hilo halimaanishi kwamba kuvuma kunatibu homa ya mafua, na mtu akikuuzia kwa maneno hayo mkatalie.

Sasa masikio. Hapa naomba unisikilize kama muuguzi. Sikio linalotoa usaha, sikio linalouma, au sikio lililotoboka kiwambo halifanyiwi zoezi hili, linapelekwa kliniki. Na kabla ya kuvuma, usianze kusafisha masikio kwa njiti ya kiberiti, kishikizo cha nywele, kifuniko cha kalamu au unyoya wa kuku. Nimeona vyote hivyo vikitolewa katika masikio ya watu. Nta ya sikio hutoka yenyewe, na ikiziba kabisa, sisi tunavyo vifaa vya kuitoa.

Mama mjamzito anaweza kuvuma, ila asizuie pumzi. Ukihisi kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

Kuna watu ambao kufunga macho na masikio hakuwaletei utulivu. Wapo waliopitia ghasia za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, na wapo waliopigwa katika ndoa. Wakijifungia ndani ya giza na mvumo, yale mambo hurudi kama yanatokea leo. Ikiwa ni wewe, fungua macho mara moja. Kanyaga sakafu kwa nguvu, taja vitu vitano unavyoviona chumbani. Fanya lile zoezi la kwanza macho yakiwa wazi, au fanya la tatu, na uje tuzungumze. Na mtu anayesikia sauti za watu ambao wengine hawawasikii, asifundishwe kusikiliza ndani. Huyo anahitaji matibabu, na matibabu yapo.

Sasa nirudie lile jiko. Wengi wetu tukitaka kimya hufunga mlango na dirisha. Kama makaa yanawaka ndani, hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Unaweza kudhani umetulia kwa yoga, kumbe unapoteza fahamu. Kila msimu wa baridi, Juni na Julai, tunasikia habari za familia iliyolala na jiko isiamke. Kwa hiyo jiko nje, kisha pumzi.

Zoezi la tatu ni fupi. Asubuhi kabla jua halijachomoza, au jioni likishatua, simama mahali unapoona anga. Kama majumba yamekuzunguka, panda kule juu mnakoanika nguo, au simama tu mlangoni. Tazama juu, mbali, bila kukodoa macho. Usitazame ndege wala wingu. Tazama ile nafasi ambamo wingu linapita. Kisha, bila kugeuza kichwa, jaribu kuona pia pembeni, kulia na kushoto, kwa wakati mmoja. Dakika mbili zatosha. Jicho linalotazama karibu siku nzima, kwenye cherehani, kwenye simu, kwenye mchele unaochaguliwa mawe, hukaza msuli wake wa ndani; likitazama mbali msuli huo hulegea. Lakini jua lenyewe usilitazame kamwe, hata kama mwalimu yeyote amekuambia lina nguvu fulani. Jua huunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na kidonda hicho hakiumi, hivyo hutajua mpaka uanze kuona doa jeusi. Na akina mama, usalama kwanza. Kama ploti yenu si salama gizani, anga ya dirishani yatosha.

Sasa turudi kwa mama wetu.

Alifanya mazoezi kwa bidii kuliko mimi mwenyewe. Wiki ya tatu alikuja na uso uliong'aa. Analala, hagombezi watoto, paa limekaa mahali pake. Nikafurahi, nikampongeza, nikamwambia aendelee. Sikumpima. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje, nami nikaona mtu mwenye furaha, basi.

Baada ya miezi miwili mtoto wake mkubwa alinijia mbio nyumbani kwa jirani yake nilikokuwa nikimtembelea mgonjwa. Mama alikuwa ameangusha beseni la nguo. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu, na maneno yalimtoka kama ya mlevi. Nilipompima presha, mashine ilisoma 204 kwa 122. Tulimpakia kwenye teksi. Njiani mkono ulianza kurudi, na kufika hospitali alikuwa anazungumza. Ilikuwa onyo la kiharusi, lile linalopita lenyewe, ambalo mara nyingi hutangulia kiharusi chenyewe.

Nilipomuuliza habari za tembe, alinitazama kwa mshangao. "Lakini sista, nilipona. Niliacha wiki ile ile nilipoanza kulala."

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mazoezi mkono mmoja na tembe mkono wa pili, yeye akadhani achague. Presha haina kelele. Mtu hulala vizuri nayo, hucheka nayo. Utulivu wa moyoni ni kitu kimoja na namba kwenye mashine ni kitu kingine, na namba haijulikani kwa kuhisi. Pumzi ya polepole inaweza kuishusha kidogo, lakini kwa mtu aliyeandikiwa dawa haitoshi kuchukua mahali pa dawa. Tangu siku ile, kabla sijamfundisha mtu kuvuma, mwonyesha tembe zake kwanza, tunazihesabu pamoja.

Namba yako ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku tofauti, ni presha. Kupima ni kazi ya dakika chache. Wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba ya vifaa mwezi Septemba 2023, na ndani yake kuna mashine ya presha. Muulize wa kijiji au mtaa wako apite kwako. Na ukiona uso wa mtu umeanguka upande mmoja, au mkono umekosa nguvu, au maneno yamepotea ghafla, usimkalishe apumue. Usimpe maji wala dawa ya mwenzake. Mpeleke hospitali wakati huo huo, hata kama dalili zinaanza kupungua.

Leo mama yule anameza tembe mbili, moja asubuhi na nyingine jioni, na kila mwezi namba zake huwa chini ya 140. Bado anafua. Bado wako sita katika chumba kile. Anavuma kila usiku, na mama mkwe, ambaye mwanzo alisema nyumba imeingiliwa na nyuki, naye huvuma kutoka upande wake wa pazia.

Mtangazaji wetu ametukubalia dakika moja bila muziki wala tangazo. Wewe unayesoma, weka kijitabu chini baada ya sentensi hii. Miguu sakafuni, mabega chini, taya legevu, na utafute sauti iliyo mbali kuliko zote.

(Kimya cha dakika moja.)

Alhamisi ijayo saa hii hii tutazungumza juu ya minyoo kwa watoto. Kwaheri.